Kambi ya Filamu ya Likizo ya Juni, Mwanza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yametoka kwa wazazi wanaopiga simu, wanafunzi wanaotuandikia WhatsApp usiku wa manane, na walimu wanaotaka kujua kabla hawajasaini ruhusa. Tumeanza na ya msingi. Yanayomhusu mtu mmoja mmoja yako mwishoni.

## Ya msingi

Kambi hii ni nini hasa?

Ni mafunzo ya bweni ya wiki tatu kwa wanafunzi wa sekondari. Mwanafunzi analala, anakula na anajifunza palepale, na akiwa na kikundi chake anatengeneza filamu fupi kuanzia wazo la kwanza mpaka siku ya kuonyeshwa. Wiki ya kwanza ni ya kuandika na mazoezi ya kamera na sauti. Ya pili ni ya kupiga picha. Ya tatu ni ya kuhariri, na Jumamosi ya mwisho wazazi wanakaribishwa kutazama.

Filamu hazizidi dakika nane. Kila msimu wapo wanaokuja na skripti ya saa nzima, na hamu hiyo tunaielewa, maana wamekulia kwenye Bongo Muvi zenye sehemu ya kwanza na ya pili. Lakini siku za kupiga picha ni sita tu. Ukizigawa kwa skripti ya saa nzima, kila tukio linapigwa mara moja na kuachwa kama lilivyo. Ukizigawa kwa dakika nane, unapata nafasi ya kurudia, kubadili upande wa kamera, na kumsikiliza mwigizaji anayesema sentensi yako haitamkiki.

Kwa nini Juni na si Desemba?

Kwa sababu ya mvua. Mwanza ina vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba na masika kuanzia Machi hadi Mei, na kikundi chenye siku sita za kazi ya nje hakiwezi kuzibahatisha. Juni ni kavu. Pia Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma pale Bujora, Kisesa, huendana na sikukuu ya Ekaristi na mara nyingi huangukia Juni. Ratiba ikikubali tunawapeleka wanafunzi wakaone Bagika na Bagalu, makundi mawili ya ngoma yenye upinzani wa jadi, wakishindana, kwa sababu hakuna darasa zuri zaidi la kufuata mwendo wa mwili kwa kamera.

Nani anaweza kuomba?

Mwanafunzi yeyote wa kidato cha kwanza hadi cha sita, wa shule ya serikali au binafsi, na waliomaliza kidato cha nne wanaosubiri kuingia cha tano. Hatuulizi matokeo ya darasani. Walio mwaka wa mtihani wasome kwanza jibu lao kwenye "Hali za pekee".

Sijawahi kushika kamera. Nina simu tu. Nije?

Njoo. Simu yenye kamera inayotulia inatosha kwa mazoezi ya wiki ya kwanza, na kamera za kambi zipo kwa filamu yenyewe.

Ukitaka kuanza kujifunza leo, jaribu jambo moja. Simu nyingi hurekodi picha 30 kwa sekunde, na ukipiga chini ya taa za tyubu za nyumbani utaona mistari au mwanga unaochezacheza. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa hufuata mapigo hayo. Badili mpangilio uwe picha 25 kwa sekunde, na kama programu ya kamera inaruhusu, weka muda wa shata, yaani muda ambao kamera inaruhusu mwanga uingie kwa kila picha, kuwa 1/50 ya sekunde. Mistari itapotea. Aliyeliona hilo kwa macho yake mwenyewe anakuja kambini akiwa na swali la pili tayari.

Filamu zinatengenezwa kwa lugha gani?

Mafundisho ni kwa Kiswahili. Filamu ni kwa lugha ya watu wa hadithi: Kisukuma, Kikerewe, Kijita, Kihaya, chochote, mradi kuwe na maandishi ya Kiswahili chini ya picha. Tunalisukuma hili kwa makusudi. Kijana akiandika maneno ya bibi yake kwa Kiswahili cha taarifa ya habari, bibi anapotea na anabaki msomaji wa taarifa aliyevaa kitenge.

## Kuomba nafasi na ada

Fomu inataka nini?

Taarifa zako, sahihi ya mzazi au mlezi, ruhusa ya mkuu wa shule, na ukurasa mmoja ulioandika mwenyewe. Ukurasa huo ndio tunaousoma kwa makini. Tunakuomba ueleze mahali pamoja unapopajua vizuri: nani anafika wa kwanza asubuhi, kuna sauti gani, kuna ugomvi gani usiokwisha. Inaweza kuwa kisima, kijiwe cha bodaboda, jiko la shule, mwalo wa kijijini kwenu. Usituandikie kwamba unaipenda filamu tangu utotoni. Wote wanaoomba wanaipenda.

Mzazi, tafadhali usimwandikie. Sentensi za mtu mzima tunazitambua, na zinatunyima nafasi ya kumsikia mwanao.

Ada inalipia nini?

Malazi, milo mitatu, vifaa, usafiri wa kwenda kwenye lokesheni, na mlezi wa bweni wa usiku. Haijumuishi nauli ya kutoka nyumbani wala fedha za matumizi. Kiasi kimeandikwa ukurasa wa kwanza wa fomu, na kinaweza kulipwa kwa awamu mpaka siku ya kufungua.

Sina uwezo wa kulipa. Kuna msaada?

Upo. Weka alama kwenye kisanduku cha ufadhili na ueleze hali yenu kwa sentensi mbili tatu. Wanaochagua waombaji hawakioni kisanduku hicho. Suala la fedha linaangaliwa baada ya nafasi kutolewa. Wakati wa kambi hakuna anayejua nani amelipa nini.

## Maisha ya bweni

Wanalala wapi, na nani anawaangalia?

Kwenye mabweni ya shule tunayokodi likizo ikianza, wasichana jengo lao na wavulana lao, kila jengo na matroni au patroni anayelala humohumo. Saa nne usiku taa zinazimwa, isipokuwa kikundi chenye kazi ya usiku iliyopangwa, nacho kinakwenda na walezi wawili.

Alete shuka, chandarua, sweta la asubuhi, viatu vya kufunga visivyoteleza (mawe ya Mwanza si mchezo), na kofia.

Chakula je?

Ugali, wali, maharage, mboga, matunda, na samaki kwa wingi: sato, sangara, dagaa. Asiyekula samaki, au mwenye chakula kinachomdhuru, aandike kwenye fomu. Waislamu wanapewa muda wa sala na Ijumaa wanapelekwa msikitini. Wakristo wanapelekwa kanisani, Wasabato Jumamosi, wengine Jumapili.

Mwanangu atakuwa na simu yake?

Saa za kazi simu zinahifadhiwa, isipokuwa inapotumika kama kamera. Jioni anarudishiwa kwa saa moja, na huo ndio muda mzuri wa kumpigia. Jambo la dharura lipitie kwa mlezi wa bweni, ambaye namba yake utapewa siku ya kuripoti.

Ziwa. Mnawalindaje watoto na ziwa?

Wazazi wa kanda hii wanaikumbuka MV Bukoba ya 21 Mei 1996 na MV Nyerere ya 20 Septemba 2018. Wapo wanaotuuliza swali hili huku wakiwa na jina la ndugu kichwani. Hatulichukulii kama swali la kawaida, na tunaomba mzazi asione haya kuliuliza tena.

Hakuna anayeogelea. Kichocho kiko kwenye maji ya kandokando, hasa penye majani na maji yaliyotulia, na kusimama kwenye maji mpaka magotini ili upate picha nzuri kunatosha kukuambukiza. Hatumpeleki mwanafunzi ndani ya maji kwa ajili ya filamu yoyote. Skripti ikidai mtu aoge ziwani, tunaibadilisha skripti.

Mitumbwi tunapanda kwa nadra. Inapobidi, kila mtu anavaa jaketi la kujiokolea kabla ya kukanyaga chombo, kamera moja tu inapanda, na idadi ya watu anaiamua nahodha, si mwongozaji. Saa za kupanda ni asubuhi, kabla upepo wa ziwani haujaamka. Nahodha akisema leo hapana, basi kazi ya siku hiyo inafanyika nchi kavu na hakuna anayebishana naye.

Akiugua?

Dawa za huduma ya kwanza zipo bwenini, na homa yoyote inapimwa malaria siku hiyohiyo. Aje na kadi ya bima kama anayo. Mwenye pumu, kifafa, selimundu au sukari aandike kwenye fomu na aje na dawa za wiki zote tatu. Hali hizi hazimzuii mtu kupata nafasi. Kuzificha ndiko kunakomhatarisha.

## Kazi yenyewe

Mnatumia vifaa gani?

Kamera za kawaida za kubadilisha lenzi, stendi, maikrofoni za kifuani na ya mkonga (inayoshikwa kwenye fimbo ndefu), na kompyuta zenye programu ya kuhariri ya DaVinci Resolve, ambayo toleo lake la bure linatosha kabisa. Tumeichagua ili mwanafunzi akirudi nyumbani aendelee bila kununua kitu wala kutumia programu ya wizi.

Jambo tunalolisisitiza kuliko kamera ni kuhifadhi. Kamera inayorekodi megabiti 50 kwa sekunde inajaza megabaiti 375 kila dakika (biti nane ni baiti moja), kwa hiyo kadi ya gigabaiti 64 inajaa kabla hujarekodi kwa muda wa saa tatu. Kila jioni klipu zote zinanakiliwa kwenye diski mbili tofauti, na hakuna kadi inayofutwa mpaka watu wawili wamezifungua nakala na kuziona zinacheza.

Kwa nini siku nyingi zinakwenda kwenye sauti? Mwanangu anataka kuwa mpiga picha.

Kwa sababu mtazamaji anavumilia picha yenye kasoro lakini maneno yasiyosikika yanamtoa kwenye filamu. Kaa kwenye banda lolote la video mtaani uone: picha ikiwa na ukungu watu wanaendelea kutazama, mazungumzo yakizama wanaanza kuongea wao.

Kando ya ziwa kuna shida yake. Jua likipanda, nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji, hewa inapanda, na upepo unavuta kutoka ziwani. Kuanzia saa tano asubuhi maikrofoni isiyovikwa inarekodi upepo mtupu. Kwa hiyo mazungumzo ya nje yanapigwa mapema, maiki ikiwa imevikwa manyoya yake ya kuzuia upepo, na mwigizaji akiwa ameupa upepo mgongo. Wanafunzi wanajifunza pia kuzima friji kabla ya kurekodi ndani ya nyumba ya watu, na kuweka funguo zao humohumo ndani ya friji ili wasiondoke bila kuiwasha tena. Samaki wa mama mwenye nyumba ni mtaji wake.

Kisha kuna zoezi ambalo wengi wanalidharau siku ya kwanza: kila mahali tunapopiga, kikundi kizima kinanyamaza dakika nzima na kurekodi mahali penyewe. Soko la samaki la Mwaloni lina mvumo wake, mtaa wa Igogo una wake, na vilima vya mawe vina ukimya ambao si ukimya kamili. Mhariri anapokata sentensi mbili na kubaki na pengo, anahitaji kulijaza na mvumo wa mahali palepale. Mpiga picha aliyewahi kukaa kwenye meza ya kuhariri akiutafuta mvumo huo na kuukosa hatakosa kuurekodi tena.

Mbona wanaamshwa saa kumi na moja alfajiri?

Mwanza iko chini kidogo tu ya ikweta, nyuzi mbili na nusu kusini. Huku jua halipandi kwa mshazari wa pole. Linapanda moja kwa moja, na mwanga laini wa dhahabu unakwisha upesi. Kuanzia saa nne mpaka saa tisa mwanga unatoka juu, macho ya mwigizaji yanaingia kivulini, na granite nyeupe inaunguza picha. Saa hizo tunafanya kazi ya ndani, au chini ya mwembe, ambako kivuli kipana kinampa kila mtu uso wake.

Mlango wa banda la bati uliofunguliwa nusu ni taa nzuri kuliko nyingi za kununua.

Mnapiga wapi? Mtafika Jiwe la Bismarck?

Tutapita pale kwa mazoezi, ila tunawasihi wasianze filamu nalo. Jiwe hilo limo kwenye kila kalenda ya mji huu na halisemi lolote kuhusu mtu wa hadithi yako. Vilima vya Mabatini na Bugando, ambako nyumba zimejengwa juu ya mawe na mama anapanda na ndoo kwa njia ambayo hakuna gari litakaloifika, vina hadithi nyingi zaidi.

Kisiwa cha Saanane ni hifadhi ya taifa, na kupiga filamu humo kunataka kibali na ada ya TANAPA. Bandari, vivuko, viwanja vya ndege, maeneo ya jeshi na daraja la Kigongo–Busisi hatupigi bila ruhusa ya maandishi. Kibali cha kupiga filamu kutoka Bodi ya Filamu Tanzania tunakiomba sisi kwa kambi nzima. Mwanafunzi asihangaike nacho.

Mnapataje ridhaa ya watu mnaowapiga?

Siku ya kwanza Mwaloni hatubebi kamera. Wanafunzi wanakwenda, wanaamkia, "mwangaluka" kwa wanaozungumza Kisukuma na shikamoo kwa wote waliowazidi umri, wananunua dagaa, wanauliza bei ya jana. Kamera inakuja siku ya pili, na mtu akikataa amekataa. Hapigwi kwa mbali wala kwa kificho.

Tuna sababu. Mwaka 2004 ilitoka dokumentari ya kigeni iliyopigwa hapahapa kuhusu biashara ya sangara. Nje ilisifiwa mpaka ikateuliwa kuwania Oscar. Hapa ilileta uchungu, na Rais wa nchi mwenyewe akaikosoa hadharani. Mtu anaweza kuitetea au kuipinga, lakini wavuvi na wachuuzi wengi wa mwambao walibaki na swali moja kwa kila anayekuja na kamera: utatuonyeshaje? Mwanafunzi wetu lazima awe na jibu kabla hajabonyeza kitufe. Na kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya 2009, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, hivyo mzazi wake ndiye anayesaini.

Tunataka kupiga wavuvi wa dagaa na taa zao usiku. Inawezekana?

Inawezekana, kutokea ufukweni. Angalia mwezi kwanza. Dagaa huvuliwa kwa taa wakati wa giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa samaki hawaifuati taa na mitumbwi mingi haitoki. Kikundi kilichopanga tukio hilo kwenye mwezi mpevu kitapiga maji matupu. Kalenda ya mwezi tunaibandika ukutani siku ya kwanza.

Kuna hadithi mnazozikataa?

Chache, na moja inahitaji maelezo. Kila msimu tunaletewa skripti ya bibi mchawi, mara nyingi mwenye macho mekundu. Hatuzuii filamu ya kutisha. Ila hapa Usukumani wanawake wazee wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, na macho yao mekundu yametokana na miaka ya moshi wa jikoni. Watu wenye ualbino wameshambuliwa kwa imani za namna hiyohiyo. Ukiandika bibi mwenye macho mekundu na ukamfanya mchawi kweli, umesimama upande wa waliomuua. Tunamrudishia mwandishi skripti na kumwomba amfuate bibi jikoni kwake, aone anachokiona yeye. Filamu inayotoka huko huwa inatisha zaidi, kwa sababu ni kweli.

Naweza kutumia wimbo wa Bongo Fleva ninaoupenda?

Hapana, bila ruhusa ya mwenye wimbo. Hakimiliki inalindwa na sheria ya mwaka 1999 na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, wapo kwa kazi hiyo. Tunatumia muziki unaopigwa na wanafunzi wenyewe.

Nina droni. Niilete?

Iache nyumbani. Inataka vibali vya Mamlaka ya Usafiri wa Anga na vya usalama, na hakuna filamu ya dakika nane inayoihitaji.

## Baada ya kambi

Filamu ni ya nani, na naweza kuiweka YouTube?

Ni ya kikundi kilichoitengeneza. Kambi inabaki na nakala ya kufundishia. Kabla ya kuionyesha kwa umma, wote walioonekana ndani wawe wamesaini (rejea swali la ridhaa) na filamu iwe imepita Bodi ya Filamu kwa ukaguzi na daraja, kama inavyotakiwa na Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976. Tunawasaidia kujaza fomu. Matamasha kama ZIFF ya Zanzibar yana masharti yake ya kupokea kazi, yasomeni mapema.

Kazi hii ina ajira?

Mzazi anayeuliza hivi anastahili jibu la wazi. Wachache watakuwa waongozaji. Wengi zaidi watapata riziki kwa ujuzi uleule: kupiga harusi na makongamano, kuhariri matangazo, kurekodi sauti za redio, kutengeneza video za shule na mashirika. Mwanza ina kazi hizo kila wiki, na anayejua sauti hupata kazi haraka kuliko anayejua kamera tu.

Kwa masomo ya mbele, chuo kikuu cha SAUT pale Malimbe kinafundisha mawasiliano ya umma, chuo cha sanaa cha TaSUBa kiko Bagamoyo, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya sanaa. Cheti chetu hakimwingizi mtu chuo chochote. Filamu yake ndiyo ya kuonyesha.

## Hali za pekee

Niko kidato cha nne na shule ina kambi ya masomo Juni.

Baki shuleni. Mtihani ni Novemba na hauna marudio ya karibu; sisi tutakuwepo mwakani, na waliomaliza kidato cha nne tunawapokea. Wa kidato cha pili aamue na mzazi na mwalimu wake.

Nimemaliza kidato cha sita na nimeitwa JKT.

Nenda JKT. Tukikupa nafasi kisha wito ukatoka, ada inarudishwa yote.

Mwanangu ni kiziwi. Atafanya nini kwenye siku zote hizo za sauti?

Tunamtafutia mkalimani wa lugha ya alama, mradi tujulishwe wakati wa kuomba, si siku ya kuripoti. Wakati wa mazoezi ya sauti anafanya kazi ya mwanga au ya kuhariri picha. Hadithi isiyo na maneno ni zoezi la kikundi kizima, na hapo wenzake ndio wanaojifunza kwake.

Mwanangu ana ualbino. Kuna jua na kuna usalama.

Tunaomba tuzungumze na wewe kabla. Ratiba yetu tayari inakwepa jua la mchana. Yeye anaongezewa mafuta ya kukinga jua, kofia pana na mikono mirefu, na kwenye kompyuta maandishi yanakuzwa. Hatoki nje ya eneo bila mlezi, na picha yake haitumiki kwenye matangazo ya kambi bila idhini yako ya maandishi.

Tunatoka Ukerewe na Bukoba. Tufikeje, na tukichelewa?

Wa Ukerewe washukie bandari ya Mwanza Kaskazini kwa meli ya Nansio. Wa Bukoba waje kwa meli ya usiku au basi. Wa njia ya Shinyanga na Dar es Salaam washukie stendi ya Nyegezi, wa njia ya Musoma Nyamhongolo. Gari la kambi linapokea vituo vyote siku ya kuripoti kuanzia asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni. Anayechelewa kwa siku moja anapokelewa, mradi apige simu kabla ya gari kurudi. Baada ya siku ya tatu vikundi vimeshaundwa na skripti zimeshachaguliwa, kwa hiyo nafasi yake anapewa aliye kwenye orodha ya kusubiri.